Kidonge cha Saa Moja Asubuhi

Wifi yangu ni fundi wa vioo. Tumefanya kazi duka moja miaka tisa: yeye nyuma, kwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, anakata; mimi mbele, napokea wateja, naandika vipimo na kupigilia fremu za picha. Wateja wanamwita Fundi, na hata nyumbani jina hilo limemganda. Ukitaka kujua mtu mtulivu yukoje, mwangalie akikata kioo. Anaweka rula, anavuta pumzi, anapitisha kikatio mara moja tu, harudii, kisha anagonga kwa chini na kioo kinaachana chenyewe.

Mwaka ule ninaotaka kuusimulia, utulivu huo ulimhama. Nami ukanihama.

Habari ya presha ilianza miaka miwili kabla, tena kwa jino. Fundi alikwenda kung'oa gego lililomsumbua, daktari wa meno akamfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia, akatazama namba, akampima tena, akavua glavu. Mia na tisini juu, mia na kumi chini. "Mama, jino litasubiri," alimwambia. "Hili la damu halisubiri." Fundi alidhani mashine mbovu. Hakuwa anaumwa kichwa, haoni kizunguzungu, alikuwa amebeba kioo cha dirisha begani asubuhi ileile. Lakini presha ndiyo tabia yake: inaingia bila hodi, inakaa sebuleni, na wenye nyumba hawana habari.

Dawa ya kwanza aliyopewa iliishusha presha, ila ikamletea kikohozi kikavu kisichokatika. Kila akishika kikatio, koh! koh! na mstari unapinda. Wiki moja aliharibu vioo saba. Kaka yangu, ambaye ndiye mume wake, akawa anamtania: "Wanasema mapenzi na kikohozi havifichiki. Kikohozi tumekisikia, sasa tuambie na huyo mpenzi ni nani."

Akarudi hospitali. Daktari akamweleza kwamba mwilini kuna kemikali inayoibana mishipa ya damu. Dawa ya kwanza inazuia kemikali hiyo isitengenezwe, na kwa baadhi ya watu hapohapo ndipo kikohozi kinapoamkia. Ipo nyingine, losatani, inayoiacha itengenezwe lakini inaizibia mlango isiingie kwenye mishipa. Kabla ya kuandika akauliza, "Unatarajia kuzaa?"

Mimi nilikuwepo. Wifi alicheka. Si kicheko cha furaha. "Daktari, ukurasa huo tulishaufunga."

Alikuwa na miaka arobaini. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, moja ya miezi minne, nyingine ya miezi sita. Ile ya pili kaka alikuwa ameshapaka kitanda cha mtoto rangi ya kijani. Nakumbuka alivyokifungua skrubu moja moja, akazipeleka mbao zote kwa jirani.

"Sawa," daktari akasema. "Lakini siku zako zikipita hata mwezi mmoja, uje haraka. Dawa hii haipatani na mimba." Wifi akaitikia kwa kichwa, na neno lile likabaki palepale chumbani, maana siku zake zilikuwa zimeshaanza kuja kama mgeni asiye na ratiba, mara mwezi huu, mara baada ya miezi mitatu.

Losatani ikamkubali. Kikohozi kikaisha, presha ikatua mia na thelathini. Aliyeipenda dawa ile kuliko wote alikuwa kaka. Yeye ni dereva wa lori la mafuta. Wenzake wamempa jina la Breki kwa sababu hupunguza mwendo hata akiona kivuli cha mbuzi. Baba yetu alianguka mlangoni kwa kiharusi, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi, na Breki ndiye aliyemdaka. Kwa hiyo kila asubuhi saa moja kamili, popote alipo, alipiga simu. Hakuna salamu.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Hapo ndipo anauliza tumeamkaje.

Basi, Jumanne moja mchana tukaenda duka la dawa lililo mkabala na letu, Fundi akitaka dawa ya gesi. Mfamasia pale ni mwanamke mwembamba, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni, hana haraka hata foleni iwe ndefu vipi.

"Gesi ya namna gani?"

"Inatembea. Kama kitu kinageuka, kinatulia, halafu kinageuka tena."

"Inauma?"

"Haiumi. Inaudhi tu. Wiki mbili sasa."

Mfamasia alikuwa ameshachukua boksi la dawa ya gesi. "Kuna dawa unayotumia kila siku?"

"Losatani."

Boksi lile akalirudisha kwenye rafu bila kugeuka. Akavaa miwani. "Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

Mimi nikaangua kicheko. Nilidhani ni utani, na utani ni kazi yangu kama wifi. Nilipoona nacheka peke yangu, nikanyamaza.

Alimpa kipimo, akamwelekeza choo cha nyuma. Fundi alirudi amekishika kile kijiti kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama kipande cha kioo kilichovunjika. Mistari ilikuwa miwili, wala haikuhitaji miwani.

"Hongera, mama," mfamasia alisema, na sauti yake ikashuka hapohapo. "Sasa nisikilize. Losatani usimeze tena, hata kesho. Lakini usikae bila dawa, presha ikipanda nayo ni hatari. Nenda hospitali. Si kesho, leo hii."

"Kwani inafanya nini?"

"Kwako inafungua mishipa. Kwa mtoto inaweza kuzifanya figo zisifanye kazi."

Tulifunga duka, na karatasi ya "Tunarudi punde" nikaibandika kichwa chini.

Daktari wa wajawazito alikuwa mwanamke mnene, anaandika huku anaongea. Alimlaza wifi, akampaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile kifaa cha utrasaundi. Nikaona uti wa mgongo, kama zipu. Nikaona moyo unapigapiga. Wiki ya ishirini na moja! Wifi alikuwa ametazama ukutani.

"Moyo mzuri," daktari alisema. Kisha akapima hapa, akapima pale. "Maji ni machache. Kipimo nataka kizidi sentimita tano. Hapa napata tatu na nusu."

Akatueleza polepole. Maji anayoogelea mtoto, kuanzia umri ule, kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Anayanywa, anakojoa, anayanywa tena. Figo zikilala, maji yanapungua. Maji yakipungua, mtoto anabanwa na mapafu hayakui inavyotakiwa.

"Zitaamka?" wifi aliuliza.

"Dawa ikikatwa mapema, mara nyingi zinaamka. Nikikwambia kila mara, nitakuwa nakudanganya. Njoo baada ya wiki mbili tupime."

Akamwandikia methildopa, dawa ya presha isiyomdhuru mtoto, mara tatu kwa siku, akamwonya kwamba itamletea usingizi.

Tulipofika getini wifi akanishika mkono. "Usimwambie kaka yako."

"Wifi, yule tumetoka tumbo moja."

"Na mimi ni nani yako? Unakumbuka kile kitanda. Nitamwambia wiki mbili zikipita, kama kuna la kumwambia. Nikimwambia leo atatumaini, na mimi sina nguvu ya kumwona akitumaini."

Nikakubali. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe nikawa mimi.

Kesho yake saa moja simu ikaita. Nilikuwa nakunywa chai mezani kwao.

"Umemeza?"

"Nimemeza," wifi alisema, macho kwangu. Na kweli alikuwa amemeza. Hakuulizwa amemeza nini. Chai ikanipalia.

Siku zile sizitamani tena. Dawa mpya ilimfanya asinzie hata akiwa amesimama, lakini kukaa hakuweza. Akikaa anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia. Alipanga mabaki ya vioo kwa ukubwa, kesho yake akayapanga kwa unene. Alisafisha dirisha la duka mpaka mteja mmoja akagonga paji la uso akidhani pako wazi. Kila siku alikwenda kupima presha: mia na sitini, mia na hamsini na nane, mia na sitini na mbili, mpaka nesi akamwambia, "Mama, hata mashine inahitaji kupumzika. Njoo kesho kutwa." Daktari akaongeza dozi.

Kioo cha kinyozi alikikata kikapungua shubiri nzima. Fundi, aliyekuwa anakadiria kwa jicho akapatia! Alikitazama tu, akakiegemeza ukutani, akachukua kingine.

Na mara kwa mara, katikati ya kazi, alinyoosha kiganja hewani kama askari wa barabarani. Maana yake nyundo yangu inyamaze, redio inyamaze, mteja asimalize sentensi yake. Alikuwa anasikilizia tumbo.

"Kageuka?" namuuliza.

"Sijui. Labda ni gesi kweli."

Siku moja, bila kutazama juu, alisema, "Unajua kinachoniuma? Nilikuwa sikosi hata siku moja. Wenzangu kliniki wanasahau dawa, wanakemewa. Mimi nilisifiwa. Kila siku, kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ungekosa, labda ungeanguka kama baba."

"Najua. Usinijibu, wifi. Nisikilize tu."

Siku ya tisa kaka akarudi, siku nne kabla ya siku aliyotarajiwa, maana pampu ya lori ilikuwa imeharibika. Tulimkuta nyumbani mchana, amesimama kwenye kabati la jikoni, na boksi la losatani mkononi.

"Tangu Jumanne ya wiki iliyopita," alisema, "hujameza hata kimoja."

Nikajua kumekucha. Breki ana desturi ya kuangalia dawa zilizobaki kabla hajaondoka ili anunue nyingine zisije zikakatika. Hakuna aliyelikumbuka hilo.

"Kila asubuhi nakuuliza, kila asubuhi unaniambia umemeza! Unataka nipigiwe simu nikiwa njiani? Unataka na wewe nikudake mlangoni?" Sikuwahi kumsikia kaka yangu akipandisha sauti namna ile. Wifi akavuta kiti, asikikalie. Ndipo kaka akanigeukia. "Na wewe unajua. Usoni kwako kunasomeka."

Nikageukia dirisha.

"Nina mimba," Fundi alisema. "Mwezi wa sita unaingia."

Kaka aliketi. Hapakuwa na kiti nyuma yake, kwa hiyo aliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, miguu ameinyoosha kama mtoto. Wifi akamweleza yote akiwa amesimama: gesi, mfamasia, maji, tatu na nusu, wiki mbili. Hakulia. Alisema kama anayenisomea vipimo vya dirisha.

Kaka alilitazama boksi. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa... Kila asubuhi. Kwa simu."

"Hukujua."

"Nilikuwa nakusukuma umeze."

"Daktari aliniuliza mimi, si wewe. Mimi ndiye niliyecheka. Aliniambia siku zikipita niende, sikwenda."

"Ungeendaje, na siku zenyewe zilikuwa hazieleweki?"

"Sasa unanitetea au unanigombeza?"

Wakaendelea hivyo, kila mmoja anavutia kosa kwake kama watu wanaogombania kulipa nauli. Mwisho nikashindwa. "Mkimaliza kugawana," nikasema, "mniachie na mimi kipande, maana pale duka la dawa nilicheka mpaka watu wakageuka." Kaka akanitazama. Nikadhani atanifukuza. Akatoa sauti fulani puani, nusu kicheko, nusu kilio, kisha akauficha uso kwenye magoti, na wifi akaketi naye sakafuni. Nikatoka kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Jioni hiyohiyo kaka aliuliza, "Hii mpya inamezwa mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Basi nitapiga mara tatu."

Siku nne zilizobaki zikawa ndefu kwa watu watatu badala ya wawili. Kaka alikataa kurudi barabarani. Alikuja dukani akakaa kwenye kiti cha wateja, akisugua mapaja yake, akisoma gazeti moja mpaka nikamwambia alipindue angalau. Fundi aliponyoosha kiganja, naye alibana pumzi.

Siku ya kipimo tuliingia chumbani sote, daktari akatuhesabu kwa kidevu lakini hakututoa. Akapima pembe ya kwanza ya tumbo, ya pili, ya tatu, ya nne. Kalamu ikakwaruza.

"Sita na nusu."

Hakuna aliyethubutu kushangilia, hatukujua kama inaruhusiwa. Daktari akaizungusha skrini na kutuonyesha doa jeusi dogo, umbo la njegere. "Hiki ni kibofu chake. Kina mkojo. Figo zimeamka." Kaka akaomba aonyeshwe tena. Akaonyeshwa. Akaomba mara ya tatu. "Lakini," daktari akasema, akifuta mafuta, "zimeamka kiasi gani, tutajua akishatoka. Huku ndani kondo la nyuma linamsaidia. Huko nje atajisafishia damu mwenyewe."

Hilo "lakini" tulilibeba miezi mitatu.

Wiki ya thelathini na tano presha ilikataa kushuka. Mia na sabini na mbili, na protini kwenye mkojo. Daktari hakupoteza maneno: "Tunamtoa leo." Saa mbili asubuhi wakamwingiza wifi chumba cha upasuaji, na saa tatu kasoro robo tukasikia kilio, chembamba, cha hasira. Mtoto wa kike. Kilo mbili na gramu mia moja.

Daktari wa watoto alitoka kutueleza. Anapumua vizuri. Rangi nzuri. Kilichobaki ni kimoja tu: akojoe. Watoto wengine hukojoa hapohapo, wengine baada ya saa nyingi, mpaka ishirini na nne wanaruhusiwa. Huyu, kwa historia yake, wangemwangalia kwa karibu.

Sijawahi kuona watu wazima wakiungojea mkojo namna ile. Saa nne, nepi kavu. Saa sita, kavu. Kaka alitembea ile korido mpaka mfagiaji akamwambia achague upande mmoja wa ukuta. Alikuwa akimsimamisha kila aliyevaa nguo nyeupe, na mmoja alikuwa mpishi tu. Wifi alilala kitandani na mpira wa dripu mkononi, macho kwenye mlango, kila baada ya dakika chache akiniuliza, "Bado?" Nami nasema, "Bado." Saa nane nesi alipotoka akatikisa kichwa hata kabla hatujauliza. Kaka akatoka nje, nikamwona dirishani ameegemea mti wa maua, anatapika.

Saa tisa na dakika ishirini nesi alikuja anatembea haraka, amebeba nepi iliyokunjwa. Nikaogopa ule mwendo.

"Tunazipima kwenye mizani," alisema, "kavu na mbichi, tujue tofauti." Akamtafuta kaka kwa macho. "Gramu kumi na nane, baba."

"Gramu kumi na nane za nini?"

"Za mkojo!"

Kaka aliipokea nepi ile kwa mikono miwili kama cheti. Kisha mtu huyo ambaye hajawahi kuvuka mwendo alioandikiwa barabarani akaikimbia korido nzima, nesi nyuma yake akipiga kelele kwamba nepi inatakiwa maabara. Akaingia wodini, akainama kwenye kitanda cha mkewe. Wanawake wengine wanne wakainua vichwa.

"Amekojoa," akasema. "Shika. Shika uone uzito."

Wifi akaishika. Akaipima kiganjani, macho amefumba, kama anavyopima unene wa kioo. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile ya gesi, akalia mpaka mishono ikamuuma na mimi nikatumwa kuita nesi.

Mtoto walimpima damu siku ya tatu, na wiki ya sita, na mwezi wa tatu. Figo moja ni ndogo kidogo kuliko mwenzake, lakini zote zinafanya kazi, na daktari anataka kumwona kila mwaka. Wifi alipewa dawa nyingine inayoruhusu kunyonyesha, na presha yake ni mia na thelathini na tano, siku nyingine mia na arobaini. Hajawa mtulivu kama zamani, sitadanganya. Mtoto akilala sana anamwamsha, akikojoa mara chache anahesabu. Juzi nilimkuta amesimama kando ya kitanda cha mtoto mchana kweupe, kiganja hewani, ananizuia nisipige hatua.

"Kuna nini?" nikanong'ona.

"Hakuna," akasema. "Anakoroma."

Tukasimama wote wawili pale, tukamsikiliza.